Picha Mbili za Mgongo, Anayeumwa Mmoja

Kaka yangu mkubwa ana mgongo mbovu kuliko wangu, na haumwi. Ukiziweka picha zetu mbili za MRI mezani bila kuambiwa ipi ni ya nani, utasema mgonjwa ni yeye. Diski zake tatu za chini, ile mito laini iliyo kati ya pingili, zimenywea, moja imechomoza kwa nyuma mpaka inagusa mshipa wa fahamu, na pingili zake zimeota vijifupa pembeni. Mimi ni diski mbili tu zilizotuna, tena kidogo. Lakini kaka analima viazi Isyonje, huku kwetu Mbeya, anainama na jembe toka ukungu haujaondoka, anajitwisha mzigo, na jioni anakaa kwenye kigoda kupiga stori. Mwenye kuumwa mgongo ni mimi, na ni kwa miaka sasa.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye ile bahasha kubwa juu ya kabati, yenye filamu nyeusi na karatasi ya Kiingereza ndani yake. Wapo wengi. Ukitaka kuwajua, sema tu kijiweni kwamba unaumwa mgongo, utaona kila mmoja anakutajia namba za pingili zake.

Mimi ni dereva wa Fuso. Napakia viazi huku kwetu, Isyonje na Kikondo, wakati mwingine Njombe, napeleka Dar. Toka Uyole hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Jumlisha foleni ya mizani Makambako na Wenda, jumlisha mteremko wa Kitonga unaoshuka kwa gia nzito huku umekaza mwili mzima, utakuta umekaa kitini saa nyingi kuliko ulizolala. Wakati wa kupakia, dereva kwa kawaida anasimama pembeni anahesabu magunia. Ila kuli wakiwa pungufu na tajiri anataka gari iondoke kabla ya giza, unavua koti unatia bega.

Na gunia lenyewe ni lumbesa. Kwa asiyeijua, gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba cha viazi juu yake na kushonwa kwa kamba. Linaitwa gunia moja, linalipwa kama gunia moja, na uzito wake unapita kilo 100 kwa mbali. Sheria inakataza, Wakala wa Vipimo wanapiga kelele kila msimu, na kila msimu lumbesa zinapanda gari.

Maumivu yangu hayakuanza kwa kishindo. Yalianza kwa kushuka garini. Nikifika mahali, nafungua mlango, naweka mguu chini, halafu kiuno kinagoma kunyooka. Nasimama nimeshika mlango kama mzee, utingo anacheka, baada ya muda kidogo nanyooka. Baadaye hicho kitendo kikaanza kuchukua muda mrefu, na utingo akaacha kucheka. Nikaingia kwenye mzunguko tunaoujua wote: diklofenaki ya vidonge, kisha ya sindano kwenye duka la dawa, kisha mama mmoja wa kuchua kwa mafuta ya moto huko Tukuyu, kisha sindano tena. Tumbo likaanza kuwaka moto. Mganga wa zahanati alipogusa chembe ya moyo nikaruka, akanikataza dawa zile kabisa. Ndipo nikauza viazi vyangu mwenyewe nilivyokuwa nimelima kwa ajili ya ada, nikaenda kupigwa picha.

Aliyenisomea majibu, na sitamtaja wala kituo chake, aliangalia karatasi zaidi ya alivyoniangalia mimi. Aliniambia pingili zimesagika, diski zimetoka, upinde wa mgongo umepotea. Nisiiname. Nisibebe kitu. Nilale kwenye ubao. Nikiendelea na kazi ile, kiti cha magurudumu kinanisubiri. Hakunigusa mgongo, hakuniambia nisimame nitembee, hakunigonga goti. Akaniandikia mkanda wa kiunoni, nikaenda kuununua.

Ule ushauri ulikaa ndani ya nyumba yetu. Mke wangu alichukua ndoo zote za maji, hata ya kunawia. Mwanangu wa darasa la nne akawa ananivalisha soksi. Godoro likatoka, ubao ukaingia, na sisi tunaoishi Uyole tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba inavyopenya; ubao ule usiku ulikuwa unanyonya joto lote mwilini. Nilitembea nimenyooka kama nimemeza fimbo. Kikianguka kitu chini nakiangalia tu. Na maumivu, badala ya kupungua, yakaongezeka, yakapanda mpaka katikati ya mgongo ambako picha ilikuwa haina neno lolote baya.

Kisha kaka akapata ajali ya bodaboda karibu na Igawilo. Hakuumia sana, lakini alilalamika shingo na mkono kufa ganzi, wakampiga picha ya uti wa mgongo wote. Shingo ikakutwa haina shida kubwa. Daktari aliyekuwa anapitia picha akashuka mpaka kiunoni, akanyamaza, akauliza, "Mzee, huu mgongo unakusumbua toka lini?"

Kaka akajibu, "Mgongo gani?"

Aliporudi nyumbani tulikaa mezani na zile karatasi mbili. Mke wangu alisogeza chupa ya chai tukazilaza sambamba. Kiingereza chetu cha kuunga, lakini tulikuwa na kamusi ya mwanangu na subira. Neno la kukauka kwa diski lilikuwa kwake mara tatu, kwangu mara moja. Kwake kulikuwa na kuchomoza; kwangu ni kutuna. Kwake mshipa wa fahamu umeguswa, kwangu haukuguswa. Kila mstari tuliousoma, kaka alikuwa anajipapasa kiuno kwa mashaka, kama mtu aliyeambiwa mfukoni mwake kuna nyoka. Mwishoni akasema, "Shemeji, niondolee hii karatasi, itaniumiza bure." Alikuwa anatania, ila kwangu mimi lile neno halikuwa utani hata kidogo.

Nilibeba karatasi zote mbili nikaenda nazo kwa dada mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ambaye nilikuwa nimeelekezwa kwake mwanzoni kabisa na sikwenda kwa sababu nilidhani kazi yao ni kuchua. Alizisoma zote, akazipindua, akatumia upande wa nyuma kunichorea. Mengi ninayoyaandika hapa nilianza kuyasikia kwake, mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye nikiwa kwenye foleni za mizani, ambako dereva ana muda wa kusoma kuliko mwalimu.

Uti wa mgongo una diski 23, moja kati ya kila pingili mbili, isipokuwa juu kabisa shingoni na chini kwenye mifupa iliyoungana. Kila diski ina pete ngumu ya nyuzinyuzi kwa nje na ute mzito kwa ndani, na ule ute kwa kijana ni maji kwa sehemu kubwa. Zile za kiunoni si bapa kama tunavyozidhania. Ya chini kabisa ina umbo la kabari, nene kwa mbele na nyembamba kwa nyuma, na ni umbo hilo la diski pamoja na pingili linalotupa ule upinde wa kiuno. Kuhusu upinde wangu "uliopotea", dada aliniuliza siku ile nilipigwa picha nikiwa katika hali gani. Nilikuwa chali, magoti yameinuliwa juu ya mto, misuli imekaza kwa maumivu na kwa hofu ya ile mashine inayogonga. Akasema mtu yeyote akilazwa hivyo upinde unapungua.

Umbo la diski halitulii hata kwa siku moja. Usiku tukilala, mzigo ukiwa umeondoka, diski zinanyonya maji na kuvimba. Mchana zinakamuliwa. Mtu anapoteza takriban asilimia 1 ya urefu wake toka asubuhi hadi jioni, na sehemu kubwa ya upungufu huo inatokea mapema, mara tu anapoamka na kuanza kusimama. Sisi madereva tunalijua hili bila kulijua: kioo cha ndani unakiweka sawa alfajiri Uyole, ukifika Mikumi unakuta inabidi ukiinamishe kidogo. Nilikuwa nalaumu kiti.

Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu. Chakula chake kinapenya taratibu kutoka kwenye mfupa wa juu na wa chini, na mwendo wa kubanwa na kuachiwa unasaidia. Na neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazoweza kuhisi maumivu, kwenye diski yenye afya, ziko kwenye tabaka la nje tu la ile pete. Ndiyo maana diski inaweza kutuna, kunywea, hata kuchanika kwa ndani, na mwenyewe asijue kitu.

Nani aliyetufundisha basi kuitazama diski kwanza? Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba diski ikipasuka, kipande chake kinaweza kubana mzizi wa neva na kumpa mtu maumivu ya kiuno na mguu, na kwamba ukikitoa kwa upasuaji mtu anapona. Walikuwa sahihi kwa wagonjwa wa aina ile. Kilichofuata ni kwamba kila mgongo unaouma ukaanza kutafutiwa diski ya kulaumiwa. MRI ilipoingia, diski za kulaumiwa zikaonekana kila mahali.

Mpaka watu walipofikiria kuwapiga picha wasioumwa. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyotuna angalau sehemu moja, asilimia 27 walikuwa na iliyochomoza. Waliokuwa na diski safi zote kiunoni ni asilimia 36 tu. Mwaka 2015 uchambuzi mwingine ulikusanya tafiti 33 zenye watu 3,110, wote hawaumwi. Kwenye umri wa miaka 40, unaokaribia wangu, asilimia 68 walikuwa na dalili za kuchakaa kwa diski na asilimia 50 walikuwa na iliyotuna. Kwenye miaka 80, iliyotuna ilifika asilimia 84. Dada wa fiziotherapia aliniambia, "Baba, hizi ni mvi. Zako zimeota ndani."

Nilimuuliza swali ambalo najua na wewe unalo: kwa hiyo umbo la diski halina maana yoyote? Akakataa kunipa jibu jepesi. Watafiti walewale wa 2015 walilinganisha pia wenye maumivu na wasio nayo kati ya watu wa miaka 50 kurudi chini, wakakuta kutuna kwa diski, kuchakaa, na hasa ule ute kumwagika nje ya pete, vinaonekana zaidi kwa wanaoumwa. Uhusiano upo. Ila haufiki mahali pa mtu kuchukua filamu moja, ya mtu mmoja, na kusema hiki ndicho kinachomuuma na kitamuuma kiasi hiki.

Na hapa lazima nimtaje utingo wangu wa zamani, yule aliyekuwa ananicheka. Yeye maumivu yake yalishuka toka kiunoni, yakapita nyuma ya paja mpaka kwenye kidole gumba cha mguu, yakiunguza. Baada ya muda maumivu yakapungua, tukadhani anapona. Siku moja tuko Mafinga tunatembea kwenda kula, kandambili ya mguu wa kulia ikamtoka. Akaendelea kutembea. Hakujua. Mimi ndiye niliyemwita arudi aivae, na alipojaribu kuinua mbele ya mguu aishike vizuri, mguu haukuinuka. Nilikuwa nimeshaambiwa kuhusu hilo, sikumruhusu apande gari kuendelea na safari. Kwake picha na mwili vilisema jambo moja: diski kati ya pingili ya nne na ya tano imepasuka, inabana mshipa uleule unaoinua mguu. Alipata rufaa, akapasuliwa Dar, na leo ana gari lake mwenyewe analoendesha. Kwake umbo la diski lilikuwa ndiyo habari yenyewe.

Cha ajabu ni kwamba hata diski zilizopasuka nyingi zinanywea zenyewe kwa muda, mwili unakula kile kipande kilichomwagika, na mara nyingi vile vikubwa ndivyo vinavyonywea zaidi. Ndiyo maana wengi hawapasuliwi. Lakini mguu ukianza kulegea, hakuna kusubiri. Na mkojo ukikataa kutoka au ukatoka wenyewe, haja kubwa ikakushinda kuzuia, ganzi ikakaa sehemu za siri na pale unapokalia tandiko la baiskeli, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na mfukoni huna kitu.

Kuna jingine ambalo kwetu huku halipaswi kusahaulika. Jirani yetu mmoja alisuguliwa mgongo kwa mafuta muda mrefu, huku anakonda, anatoka jasho usiku, na maumivu hayatulii hata akilala. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa zake ni bure, angeweza kuanza mapema. Na wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi, wakiumwa mgongo na homa ya kupanda na kushuka, waombe wapimwe brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Hizo si diski.

Turudi kwa kaka na mimi. Kilichokuwa kinanisumbua ni kwamba sote tumetoka tumbo moja. Nilikuja kusoma kuhusu mapacha wa Finland. Watafiti, akiwemo Michele Battié na Tapio Videman, waliwapiga picha mapacha wa kufanana ambao mmoja alifanya kazi nzito na mwingine nyepesi, wakakuta diski zao zinafanana kuliko kazi zao. Urithi ulieleza uchakavu wa diski kuliko mizigo. Mwaka 2002 wakatoa kwenye jarida la The Lancet jozi 45 za mapacha ambao mmoja ameendesha magari maishani mwake zaidi sana kuliko mwenzake. Diski za madereva hazikuwa zimechakaa zaidi. Niliisoma ile habari nikiwa nimeegesha Ilula, nikaisoma tena. Miaka yote nilikuwa najiona kila kilomita inasaga pingili zangu.

Haina maana kwamba udereva hauumizi. Madereva wa malori wanaumwa migongo kuliko watu wengi, mtikisiko na kukaa vinachangia. Maumivu na uchakavu ni mambo mawili, yanatembea pamoja wakati mwingine, wakati mwingine kila moja na njia yake.

Basi mimi nilikuwa na nini ambacho kaka hana? Dada hakuniambia maumivu yako kichwani, na angesema hivyo ningeondoka. Alisema maumivu ni ya kweli, yanatengenezwa na mfumo wa fahamu ambao ukilia muda mrefu, zaidi ya miezi mitatu, unaanza kulia kwa mambo madogo. Akaniuliza nalala vipi. Nalala kwenye gari, vipande vipande. Akaniuliza kuhusu fedha. Nilikuwa na mkopo, na wiki za rejesho ndizo wiki ambazo mgongo ulinilaza. Nilikuwa nimeshaona hilo ila sikuwahi kulisema kwa sauti. Akaniuliza mara ya mwisho nimeinama lini. Sikukumbuka.

Akaniambia, "Baba, funga kamba za viatu."

Nilianza kuchuchumaa nikiwa nimenyoosha mgongo, kama nilivyofundishwa. Akanikataza. Akataka nisimame, nikunje mgongo, nishuke na mikono mpaka kwenye kiatu kama mtoto anavyofanya. Jasho lilinitoka usoni. Nilishuka nusu nikasimama nimeshikilia ukingo wa kitanda. Akangoja. Hakunishika, hakusema pole. Nilipofika kwenye kamba vidole vilikuwa vinatetemeka kiasi cha kushindwa kufunga fundo, na mgongo uliniuma, ila uliuma vilevile ulivyokuwa unauma nikiwa nimesimama wima. Hakuna kilichovunjika. Nilifunga kiatu cha pili haraka kidogo.

Tulianzia hapo. Kutembea kila siku, mwanzo barabara ya nyumbani tu, baadaye mpaka njia panda na kurudi. Ndoo yenye maji robo, kisha nusu, kisha debe zima la viazi toka chini mpaka mezani, nikiinama na kuzunguka kama mtu wa kawaida. Mkanda nilimpa shemeji yangu aliyekuwa anautamani, kisha nikamshauri auache na yeye: Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, halipendekezi mikanda wala kuvutwa mgongo kwa mashine kama tiba ya kawaida. Linapendekeza mazoezi, elimu, msaada wa kisaikolojia, na hata kuchuliwa limo, kwa hiyo mama wa Tukuyu asinichukie. Ubao ulitoka, godoro likarudi. Mke wangu aliupasua kuni, na sikuwahi kumwona akifanya kazi kwa furaha ile.

Ushauri mmoja unahusu umbo la diski moja kwa moja. Kwa kuwa alfajiri diski zimejaa maji, kuinama sana wakati huo kunazibana zaidi. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwafundisha watu wenye maumivu sugu wasiiname saa za mwanzo baada ya kuamka, na maumivu yao yakapungua. Sisi tunapakia lini? Saa kumi na moja alfajiri, mwili wa baridi, umetoka kulala kwenye kabini. Siku hizi nikiamka nazunguka gari, nakagua tairi, nakunywa chai, naongea na wakulima, na mzigo wa kwanza nausubiri mpaka mwili uchangamke. Njiani nashuka Makambako, Mafinga na Mikumi hata kama sina haja. Tajiri alilalamika mara moja. Nikamwambia anitafutie dereva mwenye mgongo wa chuma.

Sijapona kwa maana ya kutokuumwa. Mwezi wa saba mgongo bado unanikamata, na safari mbili mfululizo bila kulala zinanirudisha nyuma. Tofauti ni kwamba ukinikamata natembea nao, sirudi kitandani kuusubiri.

Kuhusu lumbesa, nina la kusema, maana wapo watakaochukua habari za mapacha wa Finland kuwaambia kuli wanyamaze. Diski kuwa za urithi hakumpi mtu ruhusa ya kumtwisha mwenzake kilo 120. Shirika la Kazi Duniani toka mwaka 1967 limependekeza mtu mzima wa kiume asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Gunia la lumbesa ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na linabebwa kwa kukimbia kwenye ubao unaocheza. Misuli inachanika, magoti yanaisha, mtu anateleza kwenye tope. Huhitaji MRI kuona ubaya wake. Mwaka jana kikundi cha kuli wanaonipakia walianza kukataa magunia yenye kilemba. Wanunuzi wawili walihama, mmoja amerudi. Wanaofunga viazi kwenye mifuko midogo wanapakia haraka zaidi, na mimi sihitajiki kutia bega, kwa hiyo nakiri maslahi yangu yamo humo.

Watu wananiuliza kama nimerudia picha kuona diski zimekaa vipi sasa. Sijarudia. Bei yake ni tairi mbili za mbele, na itanionyesha kilekile au zaidi kidogo, kwa kuwa umri umesogea. Nitarudia mguu ukilegea, mkojo ukinisumbua, au nikianza kukonda na kuumwa usiku bila sababu. Kaka naye anakagua kandambili zake, nimemwambia. Ananicheka, lakini nimemwona akitembea Isyonje anageuka nyuma kuangalia.